Damu ya Upande wa Mama

Kaka yangu alitahiriwa mwezi wa sita, kabla msimu wa kuchuma kahawa haujaanza, kwa sababu msimu ukishaanza hakuna mwenye nafasi ya kuuguza mtoto. Yeye alikuwa na miaka kumi, mimi sita. Tuliishi kambini kwenye shamba moja la kahawa huko Oldeani. Wazazi wetu walitoka Singida kabla sisi hatujazaliwa. Baba alifanya kazi kwenye mtambo wa kumenya kahawa, mama alichuma. Ngariba naye alikuwa mtu wa Singida, kibarua kama wengine. Siku za kazi alipogoa mibuni, siku za mapumziko alitahiri watoto wa watu wa kwao. Mkono wake ulisifiwa. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye alisemwa sana, na mimi siamini kwamba alikosea chochote.

Wavulana walikuwa wanne. Walijengewa kibanda cha matawi mwisho wa shamba, karibu na msitu, mahali ambapo wanawake hawaruhusiwi kukanyaga. Watatu walianza kupona baada ya siku chache. Kaka hakuacha kuvuja damu. Haikuwa damu ya kuruka. Ilitoka kidogo kidogo, kama bomba ambalo halikufungwa vizuri. Wakaweka majivu, wakaweka dawa ya mizizi iliyosagwa, wakafunga kitambaa. Ilikauka kwa juu, watu wakashukuru, na asubuhi yake kitambaa kikakutwa kimelowa tena. Mama alipika uji, akampa mwanamume wa kuupeleka, na bakuli liliporudi alilishika kwa mikono miwili akaangalia umeliwa kiasi gani. Kila siku lilirudi limejaa zaidi.

Siku ya tano baba alikwenda kuomba trekta. Walimlaza kaka kwenye tela juu ya magunia matupu ili wamteremshe hospitali. Mama alipanda bila kumwuliza mtu. Barabara ya kutoka kwetu wakati ule ilikuwa mawe na makorongo, na trekta halina huruma na mgonjwa. Hawakufika. Waligeuza njiani, na jua lilikuwa bado juu walipoingia kambini.

Wanaume walipokwisha kumshusha kaka, baba alichota maji akaosha lile tela mwenyewe, maana lilikuwa mali ya shamba na dereva angeulizwa. Nilimsogelea. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mimi ni nani, kisha akanipa gunia moja nilisuuze. Nililisuuza sana. Nilitaka aone kwamba nimelitakatisha kuliko yeye alivyolitakatisha tela. Hicho ndicho ninachokikumbuka vizuri kuhusu siku aliyokufa kaka yangu, kwamba nilijivunia lile gunia.

Sisi wawili tulikuwa watoto wa madoa. Ukitushika mkono kwa nguvu, kesho yake pana alama ya bluu ya vidole vitano. Mama alisema ni baridi ya mlimani, kwamba damu ya watu wa Singida haijazoea ukungu wa Oldeani, na kambi nzima ilikubali maelezo hayo kwa sababu kila mtu alikuwa na jambo la kuisingizia ile baridi. Dada yetu mdogo, aliyekuwa na miaka mitatu kaka alipofariki, hakuwa na doa hata moja. Hilo nalo lilionekana, ila hakuna aliyelifikiria.

Shangazi, dada yake baba, alikuja msibani kutoka Singida akakaa mwezi mzima. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo. Hakugombana na mtu. Alikaa tu mlangoni akichambua mboga, na kila jirani aliyepita kutoa pole alimweleza kwamba kwao, kwa upande wa baba, wavulana wametahiriwa tangu enzi za mababu na hajawahi kusikia mmoja aliyekufa. Basi. Mama alikuwa ndani, anasikia. Msimu ulipoanza alijifunga kikapu tumboni akaenda kuchuma, na nyapara alisema hajawahi kumwona akijaza kikapu haraka namna ile.

Goti langu la kulia lilianza mwaka uliofuata. Sikuanguka wala kugongwa. Niliamka asubuhi nikasikia joto ndani yake, kama mtu amewasha jiko dogo. Mchana likawa limejaa, ngozi inang'aa. Jioni sikuweza kulikunja wala kulinyoosha. Maumivu ya goti lililojaa damu siyajui kuyaeleza kwa mtu asiyekuwa nayo. Mtu akipita karibu na kitanda nilimwomba akanyage polepole, kwa sababu mtikisiko wa sakafu ulinifikia. Mama alimwita mama mmoja Mmbulu kutoka Endamarariek aliyesifika kwa kukanda. Alikuja na mafuta ya kondoo, mpole, ananiimbia kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, akanikanda mpaka nikapoteza fahamu. Nilikaa kitandani wiki tatu. Leo najua kwamba kule kukanda kulizidisha damu ndani. Yule mama alitembea mwendo wa nusu siku kuja kunisaidia, na alikataa kupokea hata chakula.

Hivyo ndivyo utoto wangu ulivyokwenda. Goti la kulia, kifundo cha mguu wa kushoto, kiwiko, tena goti. Shuleni nilikuwa nasoma wiki mbili, nakosa tatu. Wenzangu waliniita Babu kwa sababu ya fimbo. Nikiwa darasa la tatu mwalimu mmoja alinichapa viboko vinne vya mkononi kwa utoro, na kabla ya mapumziko mkono wote ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, mweusi kama bilinganya. Mwalimu yule alinipeleka nyumbani kwenye baiskeli yake, akamwomba baba radhi akiwa amevua kofia. Mimi hakuniomba. Tangu siku hiyo hakuna mwalimu aliyenigusa, na watoto nao waliacha kucheza nami, maana walikuwa wameambiwa nyumbani kwao kwamba nikifia mikononi mwa mtu, atajibu.

Nilipofika miaka kumi na moja, baba mkubwa alifunga safari kutoka Singida. Alikuja kwa jambo moja. Alisema mtoto wa ndugu yake anakua bila jando, na kwamba huko nyumbani wameshaanza kuuliza. Safari hii, alisema, nitapelekwa Singida kwa ngariba mzee wa ukoo, atakayejua pa kushika. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Sijui alikuwa akifikiri nini. Nafikiri alikuwa amechoka kuwa mtu ambaye nyumba yake inazungumzwa. Siku ya pili akaniambia nikusanye nguo zangu.

Mama alikuwa nje anatwanga. Aliacha mchi ndani ya kinu, akaja akaketi kwenye kizingiti cha mlango, miguu ameinyoosha, kanga ameifunga vizuri magotini. Wanaume wawili walikuwa ndani, nami nilikuwa kitandani na kifurushi changu. Hapakuwa na mlango mwingine.

"Huyu haendi," alisema.

Baba mkubwa alimwambia kwa upole, shemeji, hilo si jambo la wanawake.

"Najua. Nilinyamaza kwa yule mwingine kwa sababu si jambo la wanawake." Alikuwa akiwapa mgongo, anaongea akitazama uani. "Kwetu tulizaliwa wavulana wawili na wasichana watatu. Kaka zangu wote wawili walikufa kwa damu. Mmoja jandoni. Mwingine aling'olewa jino."

Nakumbuka kuku aliingia kwa kupita juu ya miguu ya mama, na hakuna aliyemfukuza.

"Ulijua," baba alisema.

"Nilijua wamekufa. Sikujua kama ni kitu kinachofuata watu. Mama yangu alisema tumerogwa, tukihama kitatuacha. Nikaolewa mbali, tukaja huku, nikasema kimeniacha."

"Na kaka yake huyu alipokuwa kwenye kibanda? Siku zile tano?"

Mama aliivuta kanga magotini. "Siku ya pili nilijua," alisema.

Nilimtazama baba, nikangoja ampige. Wanaume wa kambini walipiga wake zao kwa mambo madogo kuliko hilo. Hakumpiga. Alisimama, akavuka miguu ya mama pale kizingitini kama anavyovuka mtu mfereji, akaenda kazini ingawa haikuwa zamu yake. Aliporudi alimwambia kaka yake arudi Singida bila mtoto. Ndivyo nilivyobaki bila kutahiriwa, na labda ndivyo nilivyobaki hai.

Lakini tangu siku hiyo baba hakusema na mama. Hakumfukuza, hakuoa mwingine, hakuacha kuleta unga. Aliongea naye kupitia mimi. "Mwambie mama yako mvua inakuja, aanue nguo." Mama yupo hapo hapo, mkono wake ungeweza kumgusa. Namgeukia namwambia, "Mama, baba anasema uanue nguo." Naye anajibu, "Mwambie nimesikia." Mwanzoni niliona aibu. Baadaye nilizoea hata nikawa naongeza maneno ya adabu ambayo hawakuyasema, naweka "tafadhali" mahali pasipo na tafadhali. Dada yangu alipokua alikataa kazi hiyo. Alisema yeye si simu. Kwa hiyo ilibaki yangu.

Nikiwa na miaka kumi na minne jino la nyuma lilioza. Mama alikuwa ameniapisha nisimruhusu mtu yeyote aling'oe, nikavumilia miezi mingi, mpaka siku moja nikiwa natafuna makande likakatika lenyewe na fizi ikachanika. Nilitokwa damu siku sita. Nilikuwa nalala kifudifudi na beseni chini. Ladha yake ilinifanya nichukie chuma. Hadi leo sinywi maji kwenye kikombe cha bati. Siku ya sita meneja wa shamba alitoa Land Rover yake, na kwa kuwa gari lile lilikuwa na springi nzuri, nilifika hospitali ya misheni nikiwa mzima. Mara nyingi nimefikiri juu ya hilo. Kaka yangu alisafirishwa kwa tela.

Daktari alikuwa mzungu mzee asiyejua Kiswahili cha kutosha. Aliyetueleza ni muuguzi, mwanamke Mmbulu, mrefu, aliyekuwa akivuta kiti na kukaa kila alipotaka kusema jambo zito. Walikuwa wameshaniongezea damu ya baba. Alilala kitanda cha pili akatolewa chupa nzima, nikaona damu yake ikija kwangu kwa mpira, na hatukutazamana. Damu ikakata kesho yake.

Muuguzi alivuta kiti. Alimwambia baba ugonjwa unaitwa hemofilia, damu haina kitu cha kuigandisha. Mtoto huzaliwa nao. Anaupata kwa mama, lakini mama mwenyewe haugui, na wala hawezi kujua ni mtoto yupi atampa. Wavulana wanaugua. Wasichana wanaweza kuubeba bila kuugua, wakawapa watoto wao.

Baba aliuliza kama kuna mtu aliyewaroga.

"Hapana, baba. Hakuna aliyemroga mtu."

Nilidhani amemaliza. Kisha akauliza lile swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba miaka mitatu.

"Kama mama yake angesema mapema, kabla ya yule mkubwa kukatwa?"

Muuguzi alinitazama mimi kwanza. Angeweza kudanganya. Nimeishi nikijiuliza kama ingekuwa bora adanganye.

"Angekuwa hai," alisema.

Baba akasema asante. Tulirudi nyumbani wiki iliyofuata, naye akampa mama habari zote za hospitali, kupitia kwangu, neno kwa neno: jina la ugonjwa, jinsi unavyopita, kwamba si uchawi. Alipofika kwenye lile jibu la mwisho alinyamaza akaniachia. Mama alikuwa amekaa anangoja. Nikasema, "Basi, ni hayo tu." Baba alinitazama, lakini hakunisahihisha.

Nilimaliza darasa la saba nikiwa na goti la kulia lililokauka likiwa limekunjika, halijanyooka tena. Shamba lilinipa kazi ya kuchambua kahawa kavu, kazi ya wanawake, kwa sababu hufanywa kwa kukaa. Tulikaa arobaini kwenye meza ndefu, mimi mwanamume peke yangu, tukitoa buni zilizovunjika na nyeusi. Wanawake walinipenda na kunicheka. Wote walijua kwamba sijatahiriwa. Kambi haina siri ya namna hiyo. Walinzi wetu wa Kimaasai waliniita layoni, mvulana asiyepitia kisu, hata nilipoanza kuota ndevu, na wanawake wakalichukua jina hilo. Hawakulisema kwa ubaya. Wakati mwingine ubaya ungekuwa rahisi zaidi. Mbele yangu waliongea mambo ambayo hawasemi mbele ya mwanamume: waume zao, mimba zao, nani anatoka na nani. Nikajifunza mengi kuhusu maisha ambayo sikutarajia kuyaishi. Palikuwa na msichana mmoja aliyekaa mkono wangu wa kushoto misimu miwili. Alikuwa akinisogezea buni zake nzuri ili kilo zangu zifike. Aliolewa Karatu. Sikumwambia chochote, na sikuona ni nini ningemwambia.

Baba na mama walirudi kusema mwaka ambao mvua zilikosekana. Haikuwa siku ya pekee. Unga ulikuwa wa shida, baba aliingia na nusu debe la mahindi mabovu, mimi nikiwa kitandani na kiwiko, na akamwambia mama moja kwa moja kwamba ayaoshe mara mbili. Mama akasema ataosha. Hawakuonekana kutambua. Niligeukia ukutani. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita, na nililia kwa kuwa sikuhitajika tena.

Mahindi yale hayakufuta kitu. Kilichobaki kilimwangukia dada.

Alipofika miaka kumi na saba alichumbiwa na kijana wa Singida aliyekuwa dereva wa trekta, mtu wa adabu, na dada alimpenda. Wazee wa upande wa pili walikuja, wakapokelewa, mazungumzo yakaenda vizuri. Walipokuwa wanaaga, mama, ambaye kwa desturi hakupaswa kusema chochote siku hiyo, alimwita kando mama wa kijana na kumweleza yote. Kaka zake wawili. Mwanawe mkubwa. Mimi. Alimwambia binti yake anaweza kuwa nao au asiwe nao, haijulikani, lakini yeye hatanyamaza tena mtoto wa mtu mwingine afe.

Wale watu hawakurudi. Walituma shukrani.

Dada hakupiga kelele. Alikuja mezani kwangu kwenye kuchambua, wanawake wote wakisikia, akaniuliza kama mimi ndiye niliyemshauri mama. Nikasema hapana.

"Alimwua yule kwa kunyamaza," alisema, maana hata yeye alimwita kaka hivyo, yule, "na mimi ameniua kwa kusema."

Wiki hiyo hiyo alishuka Karatu, akapata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni wanaokwenda Ngorongoro. Miaka miwili hakukanyaga nyumbani. Mama hakumlaumu wala hakujitetea. Mara moja tu, tukimenya viazi, aliniuliza kama ningekuwa yeye ningefanyaje. Nilimwambia sijui. Bado sijui.

Dada aliolewa na mtu wa Kilimanjaro mwenye duka la vipuri vya baiskeli hapo Karatu. Alimweleza mwenyewe, kabla ya posa, na yule bwana akasema kwao kila ukoo una jambo lake. Mtoto wao wa kwanza alikuwa mvulana. Mama aliposikia alifunga kanga mbili na kilo mbili za maharage, tukashuka wote wawili kwa lori la shamba, mimi nikiwa mbele na dereva kwa ajili ya goti.

Kwa siku mbili mama alipika, akafua, akamkanda dada kwa maji ya moto. Kumshika mtoto hakumshika. Alipita kando ya kitanda kama amekiogopa. Siku ya tatu dada alimwekea mtoto mapajani. Mama alikaa naye. Kisha akamfunua, akaanza kumpapasa vifundo, kimoja kimoja, kidole cha gumba kikizunguka polepole: kiwiko, kiwiko, goti, goti, vifundo vya miguu. Alifanya hivyo mara mbili. Dada alisimama mlangoni na sabuni mkononi, hakusogea.

"Bado mapema," mama alisema. "Mpaka aanze kutambaa."

Wakakaa pamoja kitandani, mtoto katikati. Hawakuombana msamaha siku hiyo, na sidhani waliwahi kuombana.

Mtoto alianza kutambaa alipofikisha miezi minane. Sakafu ya nyumba yao ilikuwa ya saruji, na dada alikataa kuweka mkeka, alitaka kujua. Mtoto alianguka, akajigonga, akachubuka goti akifuata paka hadi uani. Damu ikatoka kidogo, ikakata. Madoa hakupata. Shemeji alinitumia habari kwa dereva wa shamba: mtoto ni mzima.

Nilikuwa kitandani na goti nilipopata habari hiyo. Nilifurahi kweli, nikamwita mama nikamwambia, naye akaketi chini, hapo hapo udongoni, akafunika uso kwa kanga. Alipotoka nje nilibaki peke yangu na furaha yangu, na chini yake nikakuta kitu kingine. Nilimwonea wivu mtoto wa miezi minane. Nilimwonea wivu kwa mchubuko wake. Nililala hapo mpaka mchana nikingoja hisia hiyo iondoke.